Kabla Hujakasirika Kuhusu Gitaa

Kaptembwo, Nakuru
Jumanne asubuhi

Baba yangu,

Shadrack akishakupa barua hii pamoja na ule mzigo mrefu, ambao nilimwapisha auweke kwenye kebini ya lori na si juu ya viazi vya Molo, nakuomba uuegemeze ukutani kwanza. Usiufungue. Najua umeshajua ni nini, umbo lake halifichiki. Najua pia ulivyosema siku ile ulipolitoa mikononi mwako ukaniwekea mikononi mwangu, kwamba gitaa hili lisirudi katika boma lako ukiwa hai. Mama alikuwepo akasikia, na Mzee Eliakimu alikuwepo na chupa anayokugongea ukipiga. Mtoto akirudisha kitu alichopewa na mzazi kwa maneno kama hayo, nyumbani watu wanajua maana yake ni kumkana mzazi. Kwa hivyo soma mpaka mwisho, halafu ukasirike kama bado utataka.

Habari ya hapo? Mguu unaendeleaje? Mama aliniambia umetembea mpaka sokoni ukarudi bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Kisha akaongeza kwamba fimbo uliisahau huko huko sokoni. Nilicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa anapimwa sketi akaniuliza kama namcheka yeye. Dawa za pressure unazimeza kweli, au bado unazificha shavuni? Mimi ni mzima. Kazi ya kushona iko, uniform za shule ndizo nyingi wakati huu, na vumbi la Nakuru nimelizoea.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu imetushinda. Mimi napiga kelele huku, wewe unapiga kelele huko, na majirani wote wa plot hapa wanajua mambo ya mguu wako. Mwishowe unampa Mama simu ukisema network ni mbaya. Network si mbaya, Baba. Nitarudi hapo.

Tangu Jumapili situlii. Naketi kwenye cherehani, nainuka. Jana nilishona kola ya shati ikiwa imegeuka ndani nje na sikuona mpaka mwenye shati alipokuja. Hata sasa nimeinuka mara kadhaa, nimeenda mpaka mlangoni nikarudi. Wacha nikueleze ilivyokuwa.

Unakumbuka nilikwambia kuhusu bendi ya Mzee Kariuki, ile inayopiga kwenye harusi za huku. Gitaa lako ndilo nimekuwa nikipiga, maiki ikiwa imesimamishwa mbele ya tundu. Ukicheza kwenye kibaraza chetu linajaza boma zima. Lakini weka hema, weka upepo wa Molo, weka watu mia mbili wanaokula pilau na jenereta inanguruma nyuma, na gitaa lako linakuwa kama mtu anayeongea akiwa ndani ya blanketi. Nikisogea kidogo linapotea. Brayo, kijana wetu wa mitambo, akiongeza sauti, spika zinapiga mluzi mpaka bibi harusi anaziba masikio. Harusi moja ya Molo mluzi ulipiga wakati wa maombi, na pasta akangoja huku ananiangalia mimi.

Baada ya hiyo harusi Mzee Kariuki aliniita kando. Si mtu mbaya, ila haongei kwa kuzunguka. Akaniambia, "Selina, mkono uko nao, hilo sibishi. Lakini nikisimama pale nyuma sikusikii. Kuna hoteli Naivasha inataka mtu wa kupiga gitaa peke yake kila Jumapili mchana, wageni wakila. Nimewaambia ni wewe. Ila na hilo gitaa la mzee wako, nitaaibika."

Ukweli niliumia, na usiku ule nilikuwa nimepanga kuiacha bendi.

Basi akanipeleka kwa rafiki yake mwenye duka la vyombo vya muziki hapa mjini, nikapewa gitaa jipya la jukwaani ili nilijaribu wiki moja. Kama ni zuri, bendi italichukua. Kama si zuri, lirudi dukani. Mimi ndiye wa kusema. Nikajiambia nitalipima vile vile ulivyonifundisha, na roho yangu mbaya ilikuwa inatamani lishindwe.

Najua unataka kujua likoje. Ni jembamba, tumbo lake halifiki upana wa kiganja. Bega moja limekatwa ili mkono ufike chini kabisa ya shingo, kule ambako wewe ulikuwa unafika kwa kujinyonga. Pale nyuzi zinapokalia, chini yake kuna kitu kimefichwa kinachosikia nyuzi na kupeleka sauti kwa waya mpaka kwenye spika, kwa hivyo hakuna maiki. Hakingoji tumbo livume, kinasikia nyuzi zenyewe. Ubavuni kuna betri, na vifungo vya kuongeza na kupunguza besi, na kitaa kinachowaka kijani uzi ukikaa sawa. Asiyesikia kitu anaweza kulikaza kwa macho tu. Nilipokiona hicho kitaa nilikukumbuka wewe, na nikajichukia kwa kukukumbuka hivyo.

Niliangalia shingo kwa jicho moja, kama fundi anayechagua mbao. Imenyooka. Vyuma vya shingoni havikwaruzi kidole. Nyuzi ziko chini, hazichoshi mkono. Nililivaa kwa mkanda nikashona nikiwa nalo mgongoni, na bega halikuuma. Nilinusa tundu. Lako linanuka moshi wa jikoni na mafuta ya taa, hili linanuka gundi.

Mwisho nikafanya kile cha kwako. Nikaweka kidevu begani mwake, nikapiga uzi mnene kwa gumba, nikangoja. Gitaa lako likipigwa hivyo meno yanatetema, sauti inapanda na taya mpaka ndani ya sikio. Hili lilinong'ona kidogo likanyamaza. Nikarudia. Ni kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo watu wamesafiri. Nikafurahi sana, Baba. Nikasema limeshindwa, nalirudisha.

Lakini nilikuwa nimeahidi kulijaribu jukwaani. Tulikuwa na harusi Rongai, uwanja wa kanisa. Nikachomeka waya. Niligusa uzi mmoja tu na sauti ikatoka kila upande, nikageuka kuona ni nani mwingine anapiga. Kidole gumba changu, kile ulichonifundisha kutembea peke yake wakati vidole vingine vinaimba, nilikisikia jukwaani kwa mara ya kwanza. Nilisikia na makosa pia, kila mahali ambapo kucha inakwaruza. Kisha nikajisahau. Kwa kuwa sina mpiga chupa huku, nimezoea kugonga tumbo la gitaa kwa kidole ili mwendo usilale. Nikagonga. Spika zikalia kama lori limeangusha magunia, na wazee wa mstari wa mbele wakashika viti. Brayo alikuja mbio.

"Siste, hilo si debe," akasema. "Punguza besi, na hapo kwa tundu uzibe."

Nikakata soli ya slipa yangu, nikaiviringa, nikaziba tundu. Ikafaa kabisa. Kwa hivyo sasa kuna gitaa la jukwaani lenye slipa ya Kaptembwo tumboni, na mwenye duka hajui.

Sasa Naivasha. Unajua sheria yako, gitaa halifungiwi. Linatundikwa ukutani likiwa tayari, nyuzi zimekazwa, ili mgeni akiingia asingojeshwe. Mimi Jumamosi baada ya mazoezi nililitundika hili jipya vivyo hivyo, tayari kabisa, hata waya wake sikuuchomoa. Nilijiona binti wa baba yake. Hakuna aliyeniambia kwamba waya ukikaa ndani, betri inaliwa hata kama hakuna anayepiga. Mtu yeyote aliyejifunzia dukani anajua. Mimi nilijifunzia kwako.

Jumapili nilibeba yote mawili, sijui kwa nini. Nilifika mlangoni na moja, nikarudi nikachukua lako. Hoteli yenyewe ina nyasi kubwa zinazoshuka kuelekea ziwani, na meza zimetawanyika mpaka kule chini kwenye kaunta ya vinywaji. Wimbo wa kwanza ulienda vizuri. Wa pili, katikati, sauti ikaanza kunyauka, ikakohoa, ikazima. Baba, nilikuwa napiga na hakuna kitu kinachotoka. Nilisikia vijiko. Mzee Kariuki alikuwa amesimama karibu na meneja, na sikutaka kumwangalia.

Nikaliweka chini, nikatoa lako, nikashuka kati ya meza. Nikapiga ule wimbo wako uliopiga ulipoenda kumchukua Mama kwao. Msichana mmoja wa kuhudumia meza, mtu wa kwetu lazima, akasimama, akachukua chupa tupu ya soda kwenye trei na kuanza kuigonga kwa kifungulio, pale pale panapotakiwa, bila kuulizwa. Nusura nilie. Meza mbili ziliacha kula. Mzungu mmoja mzee alivua kofia. Nikadhani tumeshinda, mimi na wewe na msichana wa chupa.

Nilipomaliza, meneja akaja. Alisema kwa upole, na ndiyo maana iliniuma. "Madam, hiyo ilikuwa tamu sana, mimi nilikuwa karibu. Lakini kule kwa bar wameuliza mbona muziki umezimwa."

Meza mbili, Baba. Tulisikika na meza mbili.

Brayo alikuwa ameshatoa betri kwenye maiki yake moja. Akabadilisha, nikarudi kwenye kiti, nikapiga gitaa jembamba mpaka mwisho. Ule wimbo wako nikaurudia, na safari hii niliona askari wa getini kule mbali akitikisa kichwa kufuata mwendo. Mtu wa getini alisikia gumba lako. Kazi nimepewa, kila Jumapili. Mzee Kariuki akaniuliza, "Linakaa ama linarudi?" Nikasema linakaa. Nilisema haraka ili nisijisikie nikisema.

Hiyo ndiyo hukumu yangu, na nimeitoa kwa haki. Jukwaani, lile jipya ni bora. Natamani ningekuandikia vingine.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Mama kumwambia nimepata kazi na nimekusaliti. Nilikuwa nalia. Mama akaniambia jambo ulilomkataza kusema. Akasema siku hizi redio ikiwekwa mezani, wewe unainama na kuweka kidevu kwenye meza. Alidhani unasinzia. Alipokugusa akakuta macho yako wazi, unasikiliza. Akasema ni tangu kabla hujanipa gitaa.

Ulinidanganya, Baba. Uliniambia umezeeka vidole. Nilikuamini, nikalibeba gitaa lako kama mtu aliyerithishwa, kumbe ulilitoa kwa sababu ulichoka kulipiga na kutolisikia. Nimekukasirikia tangu Jumapili jioni, kwa hivyo na wewe ukinikasirikia tutakuwa sawa. Mbona hukusema? Tungekuja, tungekupeleka kwa daktari wa masikio. Na tutakupeleka. Krismasi nikija tutaenda wote, na usianze kumwambia Mama kwamba mguu unauma.

Lakini Krismasi iko mbali, na mimi sitaki ungoje na kidevu mezani.

Nisalimie Mama, mwambie asante kwa kuvunja ahadi. Msalimie Wycliffe, ndugu yangu, na umwambie ng'ombe akizaa anipigie mimi kabla ya kuwapigia marafiki zake. Shangazi Rose mwambie blauzi yake iko tayari, imo ndani ya mzigo huo huo, imezunguka shingo ya gitaa ili lisiumie njiani. Na Mzee Eliakimu umtumie mtu leo hii. Aje na chupa, na aketi mbele yako mahali unapouona mkono wake.

Mfuko wa gitaa niliushona mwenyewe kwa vipande vya uniform, ndiyo maana una rangi za shule zote za Nakuru. Ndani utakuta kidude kidogo chenye kibanio. Ukibane kichwani mwa gitaa. Kinahisi mtetemo wa uzi, na uzi ukikaa sawa kinawaka kijani, kama kile kitaa nilichokwambia. Huhitaji kumuuliza mtu. Hili jipya ni la watu wa mbali, Baba, na ukiliwekea kidevu halina la kukwambia. Lako linalo. Nimeyapima yote mawili kwa taya langu mwenyewe, na katika hicho kipimo lako halijashindwa.

Nyuzi nimezikaza, gitaa liko tayari. Keti, weka kidevu begani mwake, anza na uzi mnene.

Sasa lifungue.

Binti yako anayekupenda,
Selina