Jeneza la Mtu Anayekunywa Uji

Mogogosiek,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa ndugu yangu mkubwa Ombati,

Pokea salamu zangu, na uzigawe kwa wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima. Mvua ya huku inanyesha kila alasiri kama imeandikwa kazi na mwenye shamba, lakini bado haijaniangusha. Goti la Mama linaendeleaje? Watoto wako wamepona kikohozi? Na Baba je? Nauliza kwa sababu barua yako ilikuwa na kurasa mbili, na habari za Baba zilikuwa mistari miwili tu: kwamba hatoki tena nje, na kwamba analia baridi mchana na usiku. Zilizobaki zote zilikuwa habari za jeneza.

Uliandika ati umesikia hapo chama cha wakulima wa pareto unapofanya ukarani kwamba kuna duka Roret linalouza vitu vya matanga kwa bei ya kutupa. Ukataka niende mapema kabla bei haijapanda, jeneza nilipakie kwenye lori la mahindi, nilifunike kwa magunia, nawe ulifiche ghalani. Pesa ukaziweka ndani ya bahasha. Tena ukaongeza kwamba watu wa kanisa watakuwa wengi, na hutaki tuonekane tunamzika mzee ndani ya blanketi kama watu wa zamani.

Nimeisoma barua hiyo mara tatu nikitafuta mahali uliposema Baba amekufa. Sikupaona.

Hata hivyo nilikwenda. Hilo silifichi. Wewe ni mkubwa wangu, na tangu utotoni ukisema nenda, mimi naenda kwanza, akili inafuata nyuma. Jumamosi nilipotoka kazini nikashika njia ya Roret.

Laiti ungeliona hilo duka lako. Mbele wanauza chumvi, mafuta ya taa na majembe, na nyuma, penye giza kidogo, ndipo penye mali ya wafu. Kuna maua ya karatasi yaliyochovywa kwenye nta, yana vumbi hata kabla ya kufika kaburini. Kuna msalaba ulioandikwa MAMA MPENDWA, walioagiza hawakurudi kuuchukua. Mwenye duka akaniambia nikinunua jeneza, msalaba huo nitapewa bure, atapaka rangi juu ya Mama aandike Baba. Majeneza yenyewe yamepakwa rangi nyeusi inayoshika vidole, na vishikio vinang'aa kweli kweli. Niliposhika kimoja mwenye duka akanizuia upesi. Alisema hivyo ni vya kutazamwa tu, siku ya kubeba watu washike kwa chini, wengi, na wasiende haraka. Hayo ndiyo majeneza uliyotaka watu wa kanisa wakuone nayo.

Akaniuliza, "Marehemu ana urefu gani?"

Ndugu yangu, nilisimama pale kama mjinga. Sijui urefu wa Baba. Nani humpima baba yake? Nikasema tu si mfupi. Akauliza marehemu ni nani wangu. Nikasema ni baba, na Mungu anisamehe, lile neno marehemu sikulikataa.

"Basi ingia wewe," akasema. "Mtoto hampiti baba yake sana."

Nikavua gambuti nikaingia. Ndiyo, mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, nililala chali ndani ya jeneza dukani siku ya soko. Mbao zikalia chini ya mgongo wangu. Mwenye duka akanionya nisijitikise, ati halikutengenezewa mtu wa kujitikisa. Wanawake wawili waliokuwa wamekuja kununua chumvi waliniona, wakatoka bila chumvi. Kisha akaleta kifuniko akaniwekea juu, tuone kama kinafunga, akaacha nafasi kidogo upande wa kichwa.

Hapo ndipo nilipouona mstari wa chaki ya bluu, karibu na pua yangu.

Unajua kazi yangu kiwandani. Nakagua yale masanduku ya mbao nyembamba kabla hayajajazwa majani chai. Lililotobolewa na wadudu nalipiga mstari wa chaki ya bluu, linatupwa nyuma, na wachuuzi huja kuyaokota na mkokoteni. Mstari ule ni wangu, naujua kama ninavyoujua mkono wangu. Matundu ya wadudu nayo yalikuwepo, nuru ikipenya. Ombati, mbao niliyoikataa isiwekewe majani ya kwenda Ulaya, ndiyo unataka Baba alale ndani yake?

Nilitoka nikamwambia mwenye duka silitaki. Akapunguza bei. Nikamwambia tena silitaki, baba yangu hajafa. Akanitazama sana, kisha akasema polepole, bila hasira, "Sasa ulikuwa unapima nini?"

Nikavaa gambuti zangu nikaondoka. Kama wewe unalo jibu, niandikie.

Nimekasirika nawe, tena nimekudharau, na nakuandikia hivyo wazi ingawa wewe ni mkubwa. Kemunto, mke wa jirani yangu hapa kambi ya wafanyakazi, alirudi kutoka huko nyumbani juzi. Anasema alimkuta Baba amemaliza uji wa wimbi akaomba kibakuli cha pili, na kwamba alikuwa anamgombeza mtu juu ya ndama kufungwa vibaya. Mtu anayegombana juu ya ndama umeshamtafutia jeneza la kuficha ghalani! Ana baridi, basi. Mwenye baridi hufunikwa.

Pesa zako sikuzirudisha. Nimenunua blanketi, lile zito lenye mistari myekundu, la kweli, si la kutazamwa. Kemunto anarudi huko Jumatano na atalileta pamoja na barua hii. Nimemwambia alitie mkononi mwa Mama, si mwako.

Msalimie Mama, mwambie goti alikande kwa maji moto. Msalimie mkeo anayempikia Baba uji, Mungu ambariki, na mzee wa kanisa, na yule jirani anayetuchungia ng'ombe. Mimi nitafika nikipata likizo.

Jambo moja nililipata kwenye lile duka: sasa najua kimo cha Baba ni kama changu. Blanketi nililipima mwilini mwangu, likazidi hatua nzima. Mfunike wewe mwenyewe, Ombati, kisha hicho kinachobaki umkunjie miguuni.

Mdogo wako,
Nyakundi