Nyuma ya Lango Hakuna Mji

Uarabuni, Jumapili jioni

Mdogo wangu Basili,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hamjambo huko Tlawi? Goti la mama linaendeleaje na baridi hiyo ya kwenu? Mahindi yameshabeba, au mvua imewachezea tena? Mimi mwili ni mzima. Moyo usiuulize kwanza, soma.

Umesema unataka kuuza maksai wote wawili unifuate huku. Eti umechoka na jembe, na mimi nimeshafungua njia. Nimekasirika, Basili, ila siyo kwa sababu yako. Nimekumbuka lile gemu.

Kila Jumapili tukitoka misani tulikuwa tunakwenda kwa miguu mpaka banda la gemu kule Endagikot, viatu mkononi visiingie matope. Kwenye jalada kulikuwa na mpiganaji mwenye upanga, joka linalotema moto, na mji wa dhahabu nyuma ya lango. Tukajua tutapigana na joka. Mwaka mzima tukapigana na panya! Tukatumwa kuni, tukatumwa maji, tukatafutishwa kondoo wa watu, kazi zile zile tulizozitoroka nyumbani. Joka lilikuwa la kwenye jalada tu.

Halafu lango likagoma. Kwa Kiingereza chetu cha kidato cha pili tulielewa kwamba ufunguo uko ndani ya nyumba ya mama mmoja wa kwenye gemu, aliyefiwa na mtoto. Mlango ulikuwa wazi. Nikamsogeza mpiganaji wetu, wewe ukanidaka mkono.

"Kaka, usiingie. Pale kuna msiba mbichi."

"Si ni gemu tu, wewe?"

"Hata kama. Wafiwa bado wametengwa. Tukiingia tutarudi na nini nyumbani, na ng'ombe anakaribia kuzaa?"

Vijana wa mjini walitucheka mpaka basi. Lakini sikuingia. Hata mimi niliogopa, bibi alitulea hivyo: aliyefiwa na mtoto hutengwa, na anayeingia kwake hurudi na mkosi mpaka zizini. Tukabaki mbele ya lango Jumapili baada ya Jumapili, mpaka mashine yenyewe ikafa. Wewe ukaapa kwamba ule mji upo na iko siku tutauona.

Basi nimelipata gemu lile kwenye simu. Nimelicheza kitandani kila nikitoka zamu. Nikafika kwa yule mama, nikaingia, hapakuwa na wa kunikataza. Ufunguo ulikuwa chini ya kitanda cha marehemu. Nikafungua lango, na nyuma yake hakuna mji, Basili. Kuna ukuta uliopakwa rangi ya anga na maandishi ya kutushukuru kwa kucheza. Hawakumaliza kulitengeneza! Walichora mji kwenye jalada, wakaishia hapo. Nilitukana kwa Kiiraqw mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akadhani naumwa.

Na kazi niliyoahidiwa imekuwa hivyo hivyo. Hoteli ile uliyoiona kwenye matangazo, mimi naingilia mlango wa nyuma, nafua mashuka mpaka vidole vinachubuka, natokea mlango wa nyuma. Pasipoti anayo tajiri. Huyo mwenzangu wa kitanda cha juu alifiwa na mtoto kwao juzi juzi. Huku hawamtengi mfiwa, wala hawakai naye. Asubuhi alipangiwa zamu kama kawaida, akapiga pasi huku analia, na msimamizi akamwambia aangalie asiloweshe mashuka.

Mpe mama shikamoo yangu, na mjomba anayewalimia shamba la juu. Shangazi wa Endasak mwambie maharage yake nayaota. Mkeo nampa pole kwa kukuvumilia, na mwanao mbusu kwa niaba yangu.

Maksai usiwauze. Nakuandikia haya mapema kwa sababu kila nikirudi chumbani natamani nikukute umekaa kitandani kwangu, unacheka. Ukiniomba mara ya pili nitakuambia njoo.

Ni mimi kaka yako,
Paskali