Kinyesi Chekundu cha Kasuku wa Mama

Jumatano. Jua limewaka tangu asubuhi na ndani hakuna upepo. Nimeamka na hofu ile ile, nikaenda moja kwa moja kwenye tundu la kasuku kabla ya kunawa uso.

Kasuku huyu ni wa marehemu mama. Alimwita Kadhi, kwa vile anavyoinamisha kichwa akisikiliza maneno ya watu kana kwamba atatoa hukumu. Tundu lake linaning'inia dirishani, juu ya kichochoro chetu hapa Mji wa Kale, naye huita watu kwa sauti ya mama. "Zuhura, ndoo unywe chai." Mama ana miezi mitano kaburini na bado naitwa chai.

Kila Alhamisi mama alimpa mabuyu, yale mekundu anayopika jirani yetu Bi Rukia. Kadhi alilamba rangi na sukari, mbegu akazitupa. Ijumaa karatasi ya chini ya tundu ilikuwa nyekundu, na mama aliikunja huku akicheka.

Kwa hiyo kama wiki mbili zilizopita, nilipoona wekundu kwenye kinyesi chake, sikushtuka.

Nilifurahi.

Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi. Mabuyu sikumpa mimi. Nilijiambia Bi Rukia atakuwa anampenyezea dirishani, lakini moyoni nilikuwa na wazo jingine, la kitoto, kwamba mama anapita. Siku nne nilikunja karatasi ile na kuitupa bila kuuliza mtu. Nafaka zilikuwa zikitoka nzima nzima, majimaji mengi, na mimi naona mabuyu tu.

Siku ya tano Kadhi alijivimbisha manyoya akanyamaza. Ndipo nikamwuliza Bi Rukia.

"Mimi sijampa kitu, mwanangu, tangu mamako afariki. Hata dirishani kwenu sipiti siku hizi. Huyo kasuku huniita kwa sauti yake."

Nikapanda tuktuk na tundu mapajani mpaka kwa daktari wa mifugo, Makadara. Alitaka kuona karatasi, nami nilikuwa nimeshaitupa. Akasubiri Kadhi anye pale pale mezani. Kinyesi cha ndege mzima, akanieleza, kina sehemu tatu: kijani kilichoshikana, cheupe kama chokaa, na maji kidogo. Cha Kadhi kilikuwa uji mwekundu. "Hii si rangi, dada. Hii ni damu." Akashuku waya mpya niliofungia mlango wa tundu. Kadhi alikuwa akiutafuna, na madini yake ni sumu tumboni.

Waya niliufunga mimi.

Nilikaa kwenye benchi nikijilaumu, na si kwa ajili ya kasuku peke yake. Mwezi mmoja kabla mama hajafariki, niliingia chooni baada yake nikaona choo cheusi tititi. Akajua nimeona. "Si kitu, Zuhura," akasema. "Ni zile tembe za kuongeza damu." Tembe kweli alikuwa akimeza, na kweli hugeuza rangi. Niliona haya kumhoji mama yangu mambo ya chooni. Nikamwaga maji. Kumbe alikuwa akivuja damu tumboni, na tulipoambiwa, wakati ulikuwa umeshapita.

Maneno hayo ya tembe aliniambia mara moja tu. Nakumbuka vizuri.

Kadhi ana siku sita kwenye dawa, hajatoa neno. Leo karatasi ilikuwa safi: kijani, cheupe, maji kidogo. Niliitazama mpaka macho yakauma, nikalia kwa shukrani. Nikamwekea maji. Akainamisha kichwa.

"Si kitu, Zuhura," akasema kwa sauti ya mama. Kisha tena, "Si kitu. Ni zile tembe."

Kasuku huyu hashiki neno la mara moja. Jina langu lilimchukua wiki nzima.

Basi mama alikuwa akikaa hapa dirishani, mimi nikiwa kazini, akiyasema na kuyarudia maneno hayo, mpaka yatoke bila kutetemeka.

Kesho nitaiangalia karatasi kabla ya kuikunja. Hilo naliweza. Lakini akiniambia tena si kitu, nimjibu nini?