Chupa ya Pili

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haanzi kusema na mkubwa kabla hajamwamkia. Basi nimekuamkia.

Nakuandikia nikiwa kwako Pasiansi, kwenye kile kiti chako cha kamba ambacho hukutaka mtu mwingine akikalie. Nimekikalia. Ukitaka kugomba, gomba. Meza yako ya samaki pale mwaloni ameichukua Mama Shija, na wateja wako bado wanamwambia kwamba wewe ulikuwa unapima vizuri kuliko yeye. Anawajibu, "Basi mfuateni huko aliko," halafu anajifuta macho.

Ila sikuandikii kwa ajili ya meza. Nataka kukwambia habari za mkweo Makoye. Tangu tukuzike, mume wangu hakuwahi kukanyaga hapa kwako wala makaburini. Kila nilipomwomba alinijibu, "Kabula, mimi ndiye niliyemuua mama yako, kwa kukaa." Maneno hayo yamelala nasi kitandani mwaka mzima, Mama, na yamenichosha.

Siku ile wewe uliiona ukiwa kitandani, mimi niliiona nikiwa maabara. Mwiba wa sangara ulikuchoma kiganjani, ukafunga kitambaa ukaendelea kuuza, mpaka mkono ukavimba na homa ikakuangusha. Tukakuleta hospitali ninayofanya kazi. Daktari akasema huenda maambukizi ya kidonda yameingia kwenye damu, akaagiza upimwe lakteti, ile asidi inayopanda mwili unapoelemewa kwa ndani hata kama mgonjwa mwenyewe anaongea. Nilikuja mwenyewe kuchukua chupa ya damu, nikaichomeka kwenye barafu, nawe ukacheka: "Kumbe na mimi nawekwa barafu kama sato." Sista Neema, muuguzi wako, akakueleza kwamba ukishawekewa dripu na dawa, baada ya saa mbili atakutoa damu tena. Kipimo cha kwanza kinasema hali yako. Cha pili kinasema kama dawa inashinda au inashindwa. Ukamwambia sawa, mwanangu.

Lakteti ilikuwa juu. Nikabaki kwenye mashine nikisubiri chupa ya pili.

Saa ya kuona wagonjwa ikafika, Makoye akaingia. Unajua mlivyokuwa mnaheshimiana wewe na mkweo. Miaka yote ya ndoa yangu hukuwahi kula mbele yake, naye akikuona njiani alikupisha mpaka kwenye majani. Siku ile ukajikaza, ukaketi, ukajifunika kitenge mpaka vidoleni, ukamuuliza habari za ng'ombe wa baba yake. Sista Neema alipokuja na sindano ukamnong'oneza, "Siwezi kufunua mkono mbele ya mkwe. Subiri aondoke." Nilipopiga simu wodini kuulizia ile chupa akanijibu hivyo hivyo: mama ana mgeni, anaonekana ana nguvu, amekataa katakata. Nikampigia Makoye. Simu yake alikuwa ameizima, kwa heshima yako.

Naye, masikini, hakuweza kunyanyuka kabla hujampa ruhusa, kwa sababu mkwe hajiondokei tu. Nawe hukuweza kumpa ruhusa, kwa sababu mkwe hafukuzwi. Mkakaa hivyo, kila mmoja akimngoja mwenzake kwa adabu, mpaka wageni wote wakatolewa wodini. Ndipo chupa ikaja. Niliisoma mwenyewe, Mama. Ilikuwa imepanda kuliko ile ya kwanza. Wakakukimbiza kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, na kutoka huko hukurudi.

Daktari alisema huenda hata ingechukuliwa mapema isingekuokoa. Mimi nimelishikilia hilo "huenda" lake. Makoye hakuweza.

Sasa sikia. Mwezi uliopita baba yake Makoye aliletwa kutoka Igoma, ana kichomi, anaweweseka kwa homa. Lakteti juu. Akawekewa dripu na dawa, baadaye akafumbua macho akaanza utani wake, na wakwe zake wakajaa pembeni ya kitanda wakimshukuru Mungu. Sista Neema akaja na sindano. Mzee akasema, "Ngoja kwanza wageni wangu waniage." Mimi nilikuwa maabara, haya nimesimuliwa na Neema mwenyewe. Makoye akasimama, akainamisha kichwa mbele ya wale wazee, akasema, "Wazazi wangu, nisameheni. Naomba mtoke nje. Heshima tutaimalizia nyumbani." Wakatoka, mmoja akinung'unika kwamba kijana huyu hakufunzwa.

Nikashtukia Makoye yuko mlangoni kwangu na kindoo cha barafu mkononi, chupa ya pili ya baba yake ikiwa ndani. Nikapima. Lakteti haikuwa imeshuka hata kidogo, na mzee kule wodini anachekesha watu. Madaktari wakambadilishia dawa, wakamhamishia chumba cha uangalizi, na kipimo kilichofuata kikaanza kushuka. Sasa yuko kwake Igoma. Wale wakwe ameshawachinjia mbuzi.

Jana Makoye akaniambia, "Twende kwa mama." Alisimama mbali na kaburi lako, pale pale ambapo angesimama ungekuwa hai, macho chini. Nilidhani ataomba msamaha. Hakuomba. Alisema, "Mama, nimekaa sana. Naomba ruhusa niondoke." Akangoja. Nikaona mtu huyu atasimama hapa mpaka giza liingie, nikajibu mimi, kwa sauti yako kadiri nilivyoweza: "Haya baba, nenda. Tumeonana." Akalia, Mama. Sijawahi kumwona akilia vile. Kutoka hapo tukaja hapa kwako, akakaza kile kitasa cha mlango ulichokuwa unakilalamikia.

Na mimi sasa nakuaga. Nakuahidi kwamba damu ya kwanza ya mgonjwa wa namna yako ikifika mikononi mwangu, nitauliza ya pili inachukuliwa saa ngapi, na isipokuja nitaifuata kitandani, hata mgonjwa awe anacheka, hata awe na mgeni gani. Kiti chako nakirudisha pembeni ya dirisha, sitakikalia tena.

Wageni wameshaondoka, Mama. Nyoosha mkono wako, upumzike.

Mwanao,
Kabula