Rafiki wa Dirishani

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Leo nimepata marafiki sita kabla ya chai ya saa nne. Sita! Na hata mmoja sijamwona uso. Mombasa nimefika, Juba nimefika, Kisangani nimelala juu ya lori la chumvi wakati hata mbwa waliogopa kubweka. Urafiki wa namna hii nilikuwa sijauona bado.

Ni pale kwa Racheal, ofisi ya kompyuta karibu na mnara wa saa, hapa Mbale. Tajiri wake ana gari la matairi mabovu, mimi ni fundi pancha. Tumeelewana: mimi naziba, Racheal ananipa nafasi kwa mashine. Kuna mahali kwenye intaneti watu wanaandika shajara zao ili dunia nzima isome. Wazimu! Shajara ya kusomwa na watu! Lakini nimefungua yangu huko, mbali na daftari hili. Jina: Simba wa Elgon. Kazi: usafirishaji. Mali: lori tatu.

Lori tatu ni hizo zilizokuja kwangu leo na pancha. Zilikuwa tatu kweli. Sijasema ni za nani.

Jumatano, 6 Oktoba

Racheal amenifundisha adabu za huko. Ukibonyeza jina la mtu, anaingia kwa orodha yako ya marafiki. Mimi nimeliita kurafikisha, kwa sababu lile neno la Kizungu linaniuma ulimi. Sasa, mtu anaweza kukurafikisha na wewe usimrafikishe!

Nikauliza: mtu akinirafikisha, si lazima nirudishe?

Ati si lazima, bwana Sebit.

— Akinisalimia barabarani, si lazima niitikie?

Akacheka mpaka akaweka kichwa kwa mashine. Akasema huko rafiki maana yake ni mtu unayesoma anachoandika. Basi. Hata hamjuani.

— Sasa si mngemwita msomaji?

— Mimi nimekuta hivyo, bwana Sebit!

Wasomi! Wanachukua neno zito kama gunia la saruji wanalibeba kama leso. Nimeunda majina yangu. Mkibonyezana wote wawili, huyo ni rafiki wa mkekani: umemwandalia mkeka, amekaa. Akikusoma wewe na wewe humsomi, huyo ni rafiki wa dirishani. Anachungulia tu. Nimehesabiwa dirishani kwa watu wawili wa Kanada, lakini watafungua mlango. Nani amewahi kunikatalia mimi mlango?

Mke wangu Ramula aliposikia haya akauliza yeye yuko wapi kwa orodha. Nikamwambia, Mama Sulait, wewe ndiye mwenye nyumba. Chakula kilikuwa na nyama.

Rafiki wa mkekani wa kwanza nimempata: Gorreti, mpishi wa hosteli moja huko Jinja. Wageni wake ni wazungu wanaoteremka maporomoko ya Nile kwa boti la mpira. Kwa raha yao! Wanalipa ili wazame! Gorreti anaandika juu yao Kizungu cha jikoni, akikasirika anahamia Kiswahili. Ni mtu wa huku kwetu, wa Bududa. Marafiki zake ni arobaini na kitu, wageni waliopita hapo hosteli wakamrafikisha wakaenda zao. Ameniuliza lori zangu zinafika Jinja? Nikamjibu: Jinja ni kibarazani kwangu!

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimemfuta mtu. Mtu wa nyama na damu.

Baada ya swala tulikaa kwa Bushira wa chai. Nilikuwa nawaeleza watu mambo ya kurafikisha, wananisikiliza kama redio. Akaingia Nasuru. Huyu tumekua naye mtaa wa Malukhu, tulifukuzwa shule siku moja, darasa la sita, kosa moja. Sasa ni dereva wa lori la vitunguu, na ni bahili wa dizeli kuliko Mhindi mwenye lori. Akiona mteremko tu anazima injini, gari linashuka kimya kama mwizi. Akisimama kusalimia mtu, anazima. Akipiga chafya, nadhani anazima.

Akasema mbele ya wote: Simba wa Elgon! Simba gani huyu, kila siku tunamwona chini ya tairi la watu, miguu tu ndiyo iko nje?

Walicheka! Hata Bushira, na ninamleteaga kuni.

Nikasimama. Nasuru, kuanzia leo nimekufuta kwa orodha.

— Orodha gani?

— Ya marafiki.

— Nilijaza wapi fomu?

Wakacheka tena. Bushira akasema kama mnafutana, mfutane nje, hapa ni pa chai. Nikatoka. Racheal anasema kule mtu akikufuta humuulizi sababu, ni adabu. Nasuru hakuniuliza. Kumbe adabu anayo, mpumbavu yule.

Chai yangu niliiacha nusu.

Jumanne, 12 Oktoba

Gorreti ameandika Kiswahili kitupu leo. Mama yake anaumwa, wako wote Walukuba, mtaa wa Jinja. Hali chakula. Amegeukia ukuta. Anasema jambo moja tu: nipelekeni Bududa kwa migomba yangu.

Marafiki zake wote wamemwandikia pole. Na vile vialama wanavyotia, nukta mbili na mabano, ukilaza kichwa unaona uso wenye huzuni. Nimelaza kichwa mara nyingi mpaka shingo imeniuma. Nyuso nyingi, na hakuna aliyeuliza kitu!

Mimi nikauliza. Hali kabisa, au anaonja? Uji je? Chukua ulezi, chuja vizuri, tia ndimu, mpe kwa kijiko cha chai, usimpe bakuli, bakuli linamtisha mgonjwa. Ndivyo Ramula alivyomrudisha mama yangu.

Racheal akasoma begani kwangu. Bwana Sebit, hatuendi ndani hivyo. Unasema pole, unapita.

Unapita! Mgonjwa yuko mlangoni, wewe unapita!

Alhamisi, 14 Oktoba

Mambo! Gorreti amewafuta wote. Orodha nzima, wazungu wa maboti wote, imekwisha. Limebaki jina moja. Simba wa Elgon!

Na chini ameandika: Nimefagia. Aliyebaki, karibu nyumbani Walukuba, mlango wa buluu, mwisho wa mstari wa nyumba za kiwanda.

Racheal anasema watu wanafagia orodha kila mara, inaitwa hivyo hivyo, na adabu yake inajulikana: anayefagia haulizwi, anayebaki anashukuru kimya. Na hilo karibu ni neno tu.

Nikamwambia, dada, umezaliwa Nkoma hapa hapa. Karibu ni neno tu tangu lini?

Nyumbani nilijitayarisha kwa vita. Nikamwambia Ramula kila kitu, yaani karibu kila kitu.

— Mwanamke?

— Ndiyo.

— Mzuri?

— Sijamwona.

— Na mama yake ni mgonjwa kweli?

— Kweli.

Akainuka akachukua chungio, akaanza kuchekecha unga wa ulezi. Akasema rafiki yako ni mgeni wangu, tunakwenda wote Jumamosi. Sijui ninasindikizwa au ninalindwa. Nadhani vyote viwili. Usiku huu nitalala vizuri.

Mambo ya lori sikumwambia. Hakuuliza.

Jumamosi, 16 Oktoba. Jinja

Mlango wa buluu tuliupata upesi. Hodi ya kwanza, kimya. Hodi ya pili. Ya tatu ikatoka kwa Ramula, na ya Ramula haikataliwi.

Gorreti ni mrefu, macho mekundu, kanga begani. Akatuangalia, kisha akaangalia juu ya kichwa changu, barabarani. Nikasema, mimi ndiye Simba wa Elgon. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo.

— Asante, bwana Simba. Umekuja! Lori umeliacha wapi?

Nimepita vizuizi vya askari walevi kwa maneno matupu. Leo niliangalia viatu vyangu.

Akaeleza akiwa bado ananishika. Mama hawezi kukaa kitako. Wenye taksi wamemkataa, wanataka abiria anayekaa. Anahitaji kulazwa kwa godoro, lori tupu, mwendo wa polepole mpaka Bududa. Akasema: wengine walinipa pole. Wewe uliuliza anakula nini, na wewe una lori tatu. Nikaona huyu abaki.

Ramula akageuka akaniangalia. Miaka kumi na minne nimeoa, macho yake yote nayajua. Haya yalikuwa mapya.

Kisha akasema, tena kwa sauti tamu kabisa: Lori liko njiani, mwanangu. Dereva wake ni mtu wa kuchelewa. Jiko liko wapi?

Akaingia. Nikamwona mama kidogo tu, mgongo mdogo chini ya blanketi, uso umeelekea ukuta. Ramula akakaa chini kando yake akamsalimia kwa Kigisu cha kwao. Mgongo ukajibu! Sauti kama karatasi, lakini umejibu.

Alipotoka kumwaga maji alinikuta nimesimama kama nguzo ya umeme.

— Mama Sulait, mimi...

— Nenda, Baba Sulait. Katika yale malori yako matatu, chagua lolote.

Jioni. Kituo cha mafuta, njia ya Mbale

Niko hapa tangu saa saba. Malori yote ninayajua kwa matairi. La kwanza limejaa saruji. La pili linakwenda Kampala. La tatu, dereva amenikumbatia, Simba! Akasema ana ng'ombe nyuma. Ng'ombe na mgonjwa, hapana.

Halafu nikasikia injini ninayoijua kuliko sauti ya baba yangu. La vitunguu. Limeshusha Kampala, linarudi Mbale, tupu kabisa!

Nasuru akasimama mbele yangu akatoa kichwa dirishani. Akaniangalia kutoka huko juu.

— Samahani, mzee. Mimi niko kwa orodha gani?

Nilimwambia yote nimesimama hapo chini. Mama, godoro, Bududa. Lori tatu. Ramula na lile lori lililo njiani. Nikangoja acheke. Nilitaka acheke! Hakucheka. Akashuka, akanipita, akaingia kibandani akaagiza chai.

Nilimuuliza Racheal juzi, mtu ukimfuta unamrudishaje? Akasema rahisi, unabonyeza tena jina lake. Hapa hakuna cha kubonyeza. Nimekaa kwenye benchi nje ya kibanda, naandika ili nisimwangalie. Anakunywa polepole, hasidi! Ameagiza chapati. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Sasa anamuuliza mwenye kibanda kama ana godoro kuukuu la kuazima, au nimesikia vibaya? Anaongea mdomo umejaa.

Herufi zangu zimepinda leo, mtu angedhani nimelewa. Ni hili benchi. Linatetemeka. Lori liko mgongoni kwangu linanguruma tangu alipolisimamisha—

Hajazima injini! Nasuru!