Kidole Nilichompa Mume Wangu

Kwako dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye bado anageuka nyuma kutafuta nani kaitwa "mke wa fulani". Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na mgongo wako umetulia. Sisi wazima kiasi, ila roho yangu iko juu juu. Usishangae mwandiko unakimbia.

Dada, nimekufa nimeoza! Mume wangu akirudi kutoka maabara ananuka majani makavu na spiriti, nami naivuta harufu hiyo kama marashi. Huko yeye na wenzake wanakausha majani ya dawa kivulini, wanayasaga, wanayaloweka, kisha wanayapima maji yake. Anasema mengine yanazuia mwili usichakae haraka, kama rangi inavyozuia bati lisishike kutu, na mengine yameshusha sukari kwenye damu ya panya. Nilimuuliza kama panya hao wameoa, akacheka mpaka akamwaga chai.

Basi akaja na kipimo kipya cha sukari, akataka damu ya mtu asiye na ugonjwa ili alinganishe. Nikamnyooshea kidole kwa madaha, nikamwambia moyo ameshauchukua, tone la damu litanishindaje? Akapima. Akapima tena. Akanituhumu nimelamba asali. Akasema kipimo ni kibovu, akajipima mwenyewe, kikamtoa mzima. Kesho yake hospitali wakathibitisha: nina kisukari, kilekile kilichomchukua baba.

Nililia weee. Kisha nikamwambia dawa si anayo mwenyewe, aniletee hayo maji ya majani. Akakataa katakata. Alisema yamefaa kwenye chupa na kwa panya, lakini mke wake si panya; nimeze vidonge nilivyoandikiwa. Nikanuna, nikamwona mchoyo.

Sasa hili sijamwambia mtu. Jana mwenzake wa kazini alinijia mbio, akasema mume wangu ameanguka. Nilimkuta kakaa sakafuni, jasho linamtiririka, ananyweshwa soda kwa kuwa sukari ilikuwa imemshuka mno. Akakiri kwamba tangu tutoke hospitali amekuwa akiyanywa yale maji ya majani yeye kwanza, kila siku akiongeza kidogo, aone kama yatanidhuru. Nilitaka kumzaba kofi, nikajikuta nimemkumbatia mbele ya bosi wake. Bosi akasema akirudia atamfukuza kazi; mimi nikasema akirudia nitamfunga kwa kanga. Nimemwapisha aache, nami nameza vidonge bila kununa. Nataka mume, dada, sitaki dawa itakayomgharimu uhai. Lakini akichelewa kidogo tu, sikai; nasimama mlangoni mpaka nimwone.

Nawe kapime. Tumezaliwa na baba mmoja, na hata mimi sikuumwa popote nilipotoa kidole kile. Usingoje kiu wala kizunguzungu, na usidanganywe na majani ya mtu yeyote, hata ya shemeji yako huyu.

Wabusu watoto, mpe shemeji mkono. Ukiniandikia, salamu ziweke mwisho; anza na majibu ya kipimo.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba