Profesa Amekwama Ubaoni Kweli, na Ninayejua ni Mimi Tu

Mpendwa mshauri, nisaidie maana hofu imenikaa rohoni na chakula hakipiti, mimi ni mwanafunzi wa hisabati hapa mjini Saskatoon na ninamsaidia Profesa Halyna Dutchak kusahihisha kazi za darasa lake, na huyu mama ndiye aliyenifanya nilipende somo nililokuwa nikilikimbia, kwa sababu hajawahi kujifanya anajua kila kitu, hufika katikati ya swali akaweka chaki chini, akatugeukia, "Haya, nimekwama. Nani atanikwamua?" na hata mwoga wa nyuma kabisa hunyanyua mkono, akikosea Profesa humwambia, "Kosa zuri hilo, hebu tulifuate tuone linatupeleka wapi."

Jumanne alikwama tena, darasa likacheka, mwenzetu mmoja, Dmytro, akapaza sauti, "Profesa, leo hatukukwamui ng'o, jikwamue mwenyewe!" naye akacheka nao, lakini mimi nilikuwa mbele nikayaona macho yake yanahangaika ubaoni kama ya mtu aliyeamkia nyumba asiyoijua, na swali lenyewe hulifundisha kila mwaka. Wenzangu wakalimalizia, wakatoka wanamsifu. Tulipobaki wawili akaniuliza, "Samahani mwanangu, unaitwa nani vile?" Nimefanya naye kazi miaka miwili, mshauri! Nikamjibu, "Ni mimi, Profesa. Maren." Akanishika mkono kwa nguvu. "Maren, usimwambie mtu. Wakinitoa darasani nitabaki na nini?" Nikaapa. Sasa kila akiweka chaki chini moyo unanilipuka, mtihani unakaribia, nikisema nimemuua, nikinyamaza sijui itakuwaje, nifanye nini?

Mwenye Hofu

JIBU

Maren (tulia, majina yenu nimeyabadilisha yote),

Pole sana. Kumwona mtu uliyemwegemea akipotea mbele ya watu kunatisha. Lakini udaktari umeupata wapi? Umeshaamua kwamba akili imeanza kumtoka, kisha ukajifungia na siri yako. Kusahau kuna sababu nyingi: ugonjwa wa tezi ya shingo, dawa anazomeza, kukosa usingizi, hata huzuni. Nyingine hutibika zikiwahiwa. Kila wiki unayomfichia unamnyima tiba, halafu unaita heshima! Na kiapo cha kumwacha mtu aangamie hakimfungi yeyote.

Sasa sikiliza. Usianzie kwa mkuu wa idara, wala usithubutu kumnong'oneza Dmytro. Nenda ofisini kwake mchana, funga mlango, mweleze ulichokiona, usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwambie, "Profesa, twende kwa daktari, nitakusubiri nje." Muulize ndugu yake wa karibu ni nani, apigiwe simu ukiwa hapo hapo. Akikataa, mwambie wazi kwamba wiki ijayo utamweleza mkuu wa idara, na ufanye hivyo kweli. Wanafunzi wanaokaribia mtihani nao wana haki yao, kama si ya mwalimu mwingine, basi ya mtu wa kusimama na Profesa ubaoni.

Atakukasirikia, huenda hata akakufukuza. Mwache akasirike.

Na usingoje woga ukuishe ndipo uende. Nenda nao.